Maswali ya wasomaji: moli ya katikati ya mji

Mwezi huu maswali mengi yamehusu majengo ya maduka yaliyofunikwa, yale wengi wanayoyaita moli. Sababu inaeleweka. Viwanja vya katikati ya Mbeya, Iringa na Njombe vinaunganishwa, vibanda vinaondolewa, na kila mwenye kiwanja ameshaona picha ya jengo la vioo mahali fulani. Maswali yanayofanana tumeyaunganisha, na majina ya waulizaji tumeyaacha.

Kamwene. Nafundisha historia sekondari hapa Iringa. Wanafunzi wananiuliza nani alianzisha moli, na kama zilianza mjini au nje ya mji. Niwajibu nini?

Kamwene, mwalimu. Waambie njia ya maduka iliyoezekwa ilianza mjini, ila jengo lililofungwa kabisa lilianza nje ya mji, kisha likarudishwa mjini likiwa limebeba tabia za huko lilikotoka. Sehemu kubwa ya matatizo yake imetokana na safari hiyo.

London ilikuwa na Burlington Arcade tangu 1819. Lakini mfano ambao wasanifu hawaachi kuurudia ni Galleria Vittorio Emanuele II ya Milan, kazi ya Giuseppe Mengoni, iliyofunguliwa 1867 na kukamilika 1877. Njia mbili zinakatana kama msalaba chini ya paa la chuma na vioo. Njia ndefu ina karibu mita 196, fupi karibu 105. Wanafunzi watalishangaa kuba, lakini wewe waonyeshe ramani. Ncha moja iko kwenye uwanja wa kanisa kuu, nyingine kwenye uwanja wa jumba la opera la La Scala. Watu walikuwa wanakwenda sehemu hizo mbili hata kabla ya kujengwa duka lolote. Mengoni aliwaezekea njia akawawekea maduka pembeni, na ncha zake hazina milango.

Jengo lililofungwa pande zote na kupewa hali yake ya hewa ni Southdale, katika mji wa Edina, jimbo la Minnesota, Marekani. Lilifunguliwa tarehe 8 Oktoba 1956. Msanifu wake, Victor Gruen, alizaliwa Vienna mwaka 1903 na kukimbilia Marekani 1938, Wanazi walipoichukua Austria. Minnesota huganda miezi kadhaa ya mwaka, na kiangazi chake ni cha joto zito. Kwa hiyo kufunga jengo na kushikilia nyuzijoto 24 mwaka mzima lilikuwa jibu la tatizo halisi. Maduka yalikuwa 72, na maegesho ya magari zaidi ya 5,000 yakalizunguka. Gruen aliweka maduka mawili makubwa yanayoshindana ndani ya jengo moja, ili anayekwenda hili apite mbele ya madogo kulifikia lile. Pia alitaka nyumba, shule na zahanati zijengwe kandokando. Kilichoigwa kwingine kilikuwa lile sanduku na maegesho yake. Alirudi Vienna 1968, na uzeeni aliwashutumu hadharani waliogeuza wazo lake kuwa mashine ya kuuzia tu.

Maduka ya katikati ya miji yalipoanza kukimbiwa, Gruen huyohuyo aliitwa kuyaokoa. Midtown Plaza ya Rochester, jimbo la New York, ilifunguliwa Aprili 1962 na inahesabiwa kuwa moli ya kwanza ya Marekani iliyofunikwa katikati ya mji. Iliunganisha maduka makubwa mawili yaliyokuwapo tayari, McCurdy's na Forman's, na kuongeza mnara wa ofisi, kituo cha mabasi na maegesho ya chini ya ardhi ya karibu magari 2,000. Miaka ya 1990 maduka yale mawili yaliondoka, na jengo zima likafungwa 2008. Mwaka 2010 ubomoaji ulikuwa umeanza. Ukumbi ule ulikuwa ukilishwa na maduka mawili, na watu waliokwenda kwenye maduka hayo walihamia moli za pembezoni, zilizokuwa karibu na kwao na zenye maegesho ya bure.

Linganisha na Eaton Centre ya Toronto, ya msanifu Eberhard Zeidler, iliyofunguliwa 1977 kwa umbo lililoazimwa Milan. Ncha zake mbili ziko kwenye vituo viwili vya treni ya chini ya ardhi. Duka kuu lililoipa jina lilifilisika 1999, na moli haikufa, kwa sababu watu waliendelea kukatiza humo.

Kwa huku kwetu, wape Sarit Centre ya Nairobi (1983) na Mlimani City ya Dar es Salaam (2006), zote nje ya kitovu cha mji. Halafu wape Soko la Kariakoo la Beda Amuli, lililokamilika katikati ya miaka ya 1970: ghorofa na paa la zege lenye umbo la miavuli, huku hewa ikipita pembeni. Si moli, lakini kwa mjadala wa darasani lina mengi zaidi ya kufundisha kuliko Southdale.

Nina kiwanja cha mita 40 kwa 60 Mbeya, si mbali na Kabwe. Mbele kuna lami, nyuma kuna njia ambayo watu wanapita kwenda kupanda daladala. Nataka sakafu tatu, ukumbi katikati na maegesho chini ya ardhi. Nitapata fremu ngapi?

Ndugu yetu, utajiri wako uko kwenye hiyo njia ya nyuma. Milango miwili mikubwa, mmoja kwenye lami na mmoja kwenye njia ya daladala, inakupa wapita njia bila tangazo. Ukijenga ukuta nyuma "kwa usalama", utakuwa umejenga chumba kirefu kisicho na mwisho, na fremu za ndani kabisa ndizo zitakazokaa na kufuli.

Sasa hesabu. Umbali wa kuacha mpakani utapewa na halmashauri ya jiji kulingana na mchoro wa mipango miji. Kwa mfano wetu tuchukue mita 5 mbele na mita 3 pande tatu nyingine. Jengo linabaki mita 34 kwa 52, yaani mita za mraba 1,768 kila sakafu. Wengi hapo hugawa kwa ukubwa wa fremu, wanapata idadi ya kufurahisha, wanakwenda benki nayo. Usigawe bado.

Anza na ukumbi. Fremu yenye kina cha mita 12 inatosha duka la nguo, simu au dawa, na bado nyuma inabaki stoo. Kina kikizidi mara tatu au nne ya upana wa mbele, ile sehemu ya mwisho inageuka ghala ambalo mpangaji hataki kulilipia bei ya duka. Toa mita 12 kila upande kwenye 34, katikati zinabaki mita 10. Sakafu ya chini zote ni njia. Juu, weka varanda za mita 2.5 kila upande na uwazi wa mita 5 katikati. Uwazi huo unaleta mwanga hadi chini, na unamwezesha mtu aliye varanda hii kusoma bango la duka la varanda ile. Ukiupunguza ukawa mita 2 ili "usipoteze nafasi", sakafu ya chini itawasha taa saa sita mchana.

Nguzo ziwe kila mita 8.4 kwa urefu wa jengo. Kipimo hicho kinagawanyika fremu mbili za mita 4.2, na chini yake yanaingia magari matatu ya mita 2.5 pamoja na unene wa nguzo. Kwa mita 52 unapata vipande sita, maana yake fremu 12 kila upande, 24 kila sakafu, kila moja mita za mraba 50 hivi. Kisha anza kutoa: ngazi tatu (sababu iko kwenye jibu la moto huko chini), vyoo, lifti pamoja na chumba cha umeme, na mahali pa kupokelea mizigo na taka. Hizo ni nafasi sita. Umebaki na fremu 18 kila sakafu, 54 kwa jengo zima. Eneo la kupangisha ni kama nusu ya sakafu uliyomwaga. Mchoro unaoonyesha asilimia 80 umesahau ngazi au umesahau vyoo.

Maegesho ya chini ya ardhi kwa kiwanja hiki hatuyashauri. Gari moja pamoja na sehemu yake ya njia ya kupita linakula mita za mraba 25 hadi 30. Mteremko wa kushuka mita 3 kwa uwiano wa 1 kwa 7 unahitaji mita 21, bila kuhesabu vipande vya kulainisha juu na chini ili bampa lisigonge. Utapata magari 50 hivi, kwa gharama ya kuchimba, kuta za kuzuia udongo, kuzuia maji yasipenye, na pampu ambayo lazima iwe na jenereta, maana mvua ya Machi haisubiri umeme urudi. Wateja wako wengi watakuja kwa miguu, daladala, bajaji na bodaboda. Tenga upande wa nyuma nafasi ya bajaji kushusha bila kuziba mlango, iwe na paa. Vitabu vya moli vya Ulaya na Marekani havitakukumbusha hilo.

Nina fremu ghorofa ya pili kwenye jengo la maduka hapa Iringa. Chini watu wamejaa, juu hakuna anayepanda. Mwenye jengo anasema ataweka ngazi za umeme. Zitasaidia?

Huenda, ila si dawa ya kwanza, dada. Watu hawapandi mahali wasipopaona, wala mahali wasipo na shughuli. Simama mlango mkuu utazame juu. Kama huoni ngazi, na kama ukingo wa varanda ni ukuta wa zege unaoficha mabango, tatizo limeshajieleza. Ukingo uwe wa nondo zilizosimama au kioo cha kuzuia kuanguka, urefu wa mita 1.1. Ngazi ianzie ndani ya ukumbi, upana usiopungua mita 2, kipandio sentimita 15, kikanyagio sentimita 30. Kwa urefu wa mita 4.5 kutoka sakafu hadi sakafu, hivyo ni vipandio 30, na pumziko baada ya cha 15. Mama mwenye mtoto mgongoni atapanda. Ngazi ya vipandio vya sentimita 19 iliyojificha nyuma ya choo hataipanda.

Pili, yale ambayo mtu huyafuata hata yakiwa mbali yapelekwe juu: wakala wa benki, saluni, kliniki ya meno, mgahawa wa chakula cha mchana, ofisi ya bima. Chini yabaki yanayonunuliwa kwa kupita. Wenye majengo wengi hufanya kinyume, wanampa benki nafasi bora ya chini kwa sababu amelipa mwaka mzima, halafu wanashangaa juu kumekufa.

Ngazi ya umeme ya kupanda mita 4.5 kwa mwinamo wa nyuzi 30 inachukua karibu mita 13 za urefu, pamoja na nafasi tupu ya mita 2.5 kila mwisho. Hiyo ni mita 18 za ukumbi. Yenye upana wa mita moja, kwa mwendo wa mita 0.5 kwa sekunde, hubeba hadi watu 6,000 kwa saa, na jengo lenu halitawafikisha. Umeme ukikatika inabaki ngazi, na ngazi mbaya, kwa sababu vipandio vyake vina zaidi ya sentimita 20. Tena haibebi kiti cha magurudumu. Pesa hiyo ni bora iende kwenye lifti nzuri moja yenye jenereta.

Shikamooni. Mimi fundi paa, Njombe. Tuliezeka ukumbi wa katikati wa jengo la maduka kwa polikaboneti (plastiki ngumu inayopitisha mwanga) ya karatasi moja. Mvua haivuji, ila asubuhi za Juni na Julai matone yanadondoka ndani hata bila mvua. Pia karatasi zinalia usiku na nyingine zimepasuka kwenye skrubu. Kosa liko wapi?

Matatizo yako ni mawili, na wengi huyatibu kwa silikoni tu.

Matone ni mvuke wa ndani. Watu, chai, sufuria za chipsi na sakafu iliyopigwa deki vyote vinaongeza unyevu hewani. Hewa ya nyuzijoto 20 yenye unyevu wa asilimia 70 huanza kutoa maji ikigusa kitu chenye nyuzi 14 kushuka chini. Usiku wa Njombe nje kukiwa na nyuzi 6, uso wa ndani wa karatasi moja unashuka hadi nyuzi 12 au pungufu. Polikaboneti yenye kuta mbili, ya milimita 10, kwa hali hiyohiyo inabaki karibu nyuzi 16, hivyo haitoi jasho isipokuwa kwenye usiku mkali sana. Mabomba yake yafuate mteremko, si kukingama. Ncha ya juu izibwe kwa utepe mzima wa alumini, ya chini kwa utepe wenye vitundu vya kupumua. Ukiziba zote mbili kabisa, maji yanabaki ndani ya karatasi na ukijani unaota humo.

Kama hamna pesa ya kubadilisha karatasi, toeni mvuke. Fungueni uwazi wa kudumu chini ya tuta la paa pande zote mbili, na mwingine usawa wa mlango, ili hewa yenye unyevu ipande itoke. Mwinamo nao muuangalie. Nyuzi 5, ambazo ni kushuka sentimita 9 kwa kila mita, zinatosha kwa mvua, lakini jasho la ndani halitateleza. Likusanyike liteleze hadi kwenye mfereji mdogo ukutani, mnahitaji nyuzi 15 au zaidi.

Kulia na kupasuka kunatokana na kutanuka. Karatasi ya mita 6, joto likibadilika nyuzi 40 kati ya alfajiri na saa nane mchana chini ya jua la nyanda za juu, hubadilika urefu kwa milimita 16 hivi. Skrubu ya milimita 6 kwenye tundu la milimita 6 imeikamata, kwa hiyo karatasi inajipasua yenyewe. Toboa milimita 10, tumia washa pana ya mpira wa EPDM, usikaze hadi karatasi ibonyee. Kwa karatasi ndefu, funga katikati tu, na kingo ziingie kwenye reli za alumini ziteleze. Washa ya PVC iache, inakula polikaboneti. Silikoni inayonuka siki nayo iache, tafuta isiyo na tindikali. Upande wenye kinga ya jua umeandikwa kwenye nailoni ya kiwandani. Huo ndio wa juu. Ukigeuzwa, karatasi inakuwa ya njano na dhaifu mapema, na mvua ya mawe ya kwanza inaitoboa.

Nafanya biashara Mwanjelwa. Tunaambiwa jengo la zege haliungui kama soko la mbao. Kweli? Na mlinzi anafunga mlango wa nyuma mchana kwa sababu ya wezi. Tumruhusu?

Msimruhusu. Hilo la pili ndilo linaloua.

Mbeya inakumbuka moto wa soko la Mwanjelwa 2006 na wa Sido 2017, na nchi nzima inakumbuka wa Kariakoo Julai 2021. Zege lenyewe haliwaki, lakini nguo, viatu vya plastiki, magodoro na vipodozi vinawaka ndani yake, na moshi unapanda uwazi wa katikati kabla moto haujavuka hata fremu ya jirani. Ukumbi uleule unaoleta mwanga hugeuka bomba la moshi, na wa kwanza kuvuta ni walio ghorofa ya juu. Mwaka 2004, Asunción huko Paraguay, duka kubwa liliungua milango ikiwa imefungwa ili watu wasitoke bila kulipa. Waliokufa walikuwa mamia. Mwaka 2018, Kemerovo nchini Urusi, moto ndani ya moli uliua watu 60, wengi wakiwa watoto, na milango ya dharura ilikutwa imefungwa. Mlango wa dharura hufunguka kwa kusukuma kutoka ndani, bila ufunguo, kuelekea nje. Kwa wezi kuna kengele inayolia mlango ukisukumwa. Kufuli halina nafasi pale.

Idadi ya njia ihesabiwe hivi. Kanuni za Uingereza, ambazo wahandisi wengi huzitumia kama kipimo, huweka mtu mmoja kwa kila mita 2 za mraba za duka la kawaida. Sakafu yenye fremu 18 za mita za mraba 50 ni watu 450. Sakafu mbili za juu ni 900. Chukulia ngazi moja imejaa moshi, zilizobaki zibebe wote. Hesabu inadai upana wa karibu mita 3.6 kwa jumla, ndiyo maana kwa jengo la mfano wetu tuliweka ngazi tatu za mita 1.8. Ngazi mbili za mita 1.2, ambazo ndizo tunazoziona kwenye michoro mingi, hazifiki hata nusu: ikizibwa moja, watu 900 wamebaki na mita 1.2. Kila ngazi ya dharura iwe ndani ya kuta za matofali au zege, na mlango unaojifunga wenyewe. Mtu asitembee zaidi ya mita 45 kuifikia pale anapoweza kuchagua pande mbili, na mita 18 pale penye upande mmoja tu.

Kwa moshi, paa la ukumbi lipande mita 2 au 3 juu ya dari ya varanda ya mwisho, uwazi wa kutolea uwe humo juu, na hewa mpya iingie chini. Pa kuanzia ni asilimia 2.5 hadi 5 ya eneo la ukumbi. Kwa ukumbi wa mita za mraba 520 hiyo ni 13 hadi 26. Mhandisi wa moto atairekebisha. Hapa nyanda za juu uwazi huo uachwe wazi siku zote, uwe na vibao vya kuzuia mvua ya upepo na wavu wa kuzuia popo. Haudai mota wala umeme siku ya tukio, na ndio unaotoa jasho lile la paa la Njombe.

Vinyunyizio vya maji darini vyenye kichupa chekundu hupasuka kwa nyuzijoto 68, na kinachopasuka ni kile kilicho juu ya moto tu, si vyote kama kwenye sinema. Kwa majengo ya maduka, viwango vya Ulaya hutaka milimita 5 za maji kwa dakika juu ya mita za mraba 216 kwa dakika 60. Hizo ni lita 65,000 zilizotengwa, zisizoguswa na vyoo. Bomba la choo litolewe juu ya usawa huo kwenye tangi, vinginevyo mwezi wa Oktoba akiba yote itakuwa imeshapiga deki. Namba ya Zimamoto ni 114. Ibandikwe kila ngazi.

Mkandarasi anataka kuweka matangi mawili ya lita 10,000 na jenereta juu ya paa la zege ili tuokoe nafasi chini. Jengo lilichorwa bila vitu hivyo. Ni sawa?

Hapana, mpaka mhandisi wa miundo aliyesajiliwa afanye hesabu upya na kusaini. Tangi la lita 10,000 likijaa ni tani 10 juu ya duara la kipenyo cha mita 2.3 hivi, zaidi ya tani 2 kwa kila mita ya mraba. Sakafu ya duka kwa kawaida huchorwa kwa kilo 400 kwa mita ya mraba, na paa la kupandwa kwa matengenezo tu, pungufu zaidi ya hapo.

Sampoong, jengo la maduka la Seoul, Korea Kusini, ilianguka tarehe 29 Juni 1995, ikaua watu 502. Jengo lilibadilishwa matumizi, likaongezewa sakafu ya tano, nguzo zikapunguzwa unene, na nyingine zikakatwa kupisha ngazi za umeme. Mwaka 1993 mashine za kupoza hewa ziliburutwa juu ya paa kutoka upande mmoja hadi mwingine, zege likapasuka. Sakafu zilikaa moja kwa moja juu ya nguzo bila boriti, hivyo nguzo ilipotoboa sakafu moja, nyingine zilifuata. Siku ile nyufa zilionekana tangu asubuhi, na maduka yakaendelea kuuza.

Sisi tuna jambo la ziada. Mbeya imekaa ndani ya Bonde la Ufa, na tetemeko la Rukwa la 1910 limo miongoni mwa makubwa kabisa kupimwa Afrika Mashariki. Jengo la maduka lina vioo vitupu chini na kuta nzito juu, kwa hiyo likitikiswa, sakafu ya chini ndiyo inayokubali kwanza. Kuta za zege za ngazi na lifti zishuke bila kukatika hadi kwenye msingi. Mpangaji asibomoe ukuta wala kutoboa nguzo kupanua fremu bila barua ya mhandisi. Matangi yakae chini, juu liwekwe dogo la kusukumia tu.

Moli ya Mbeya inahitaji viyoyozi?

Ukumbi hauhitaji. Mji uko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Fungueni chini na juu. Chumba cha seva ya benki na bucha wajitafutie vya kwao.

Mfereji wa maji machafu wa migahawa yetu unaziba kila wiki, hasa Juni. Fundi anazibua, unaziba tena.

Ni mafuta. Mawese ya Kyela na mafuta ya nyama huganda kwenye bomba la baridi, na Juni bomba lenu ni baridi kuliko sahani. Kila jiko liwe na chemba ya kunasia mafuta karibu na sinki, kabla maji hayajapoa, yenye kuta mbili za ndani ili mafuta yaelee na maji yatoke kwa chini. Chemba moja kubwa nje ya jengo haitoshi, maana mafuta yameshaganda njiani. Ichotwe ikifika robo ya kina chake, na mafuta yatupwe kwenye pipa lenye mfuniko, si chooni. Bomba la jikoni liwe la milimita 100, mteremko wa 1 kwa 40, na mlango wa kuzibulia kila kona. Gharama ya kuchota iandikwe kwenye mkataba wa pango wa migahawa peke yake. Muuza simu hana sababu ya kuchangia.